Kiazi cha Moto na Sabuni ya Mama Limi

Siku mliyoniaga kazini mlinipa kitenge, godoro na keki yenye jina langu, nami nikasimama, nikasema asante mara tatu, nikakaa. Wengi mlidhani nimezidiwa na machozi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jambo la kusema, ila mbele ya keki lisingekaa vizuri. Nimeliandika hapa, pamoja na mengine, ili nyie mliobaki jikoni mlisome kwa utulivu wakati mikono yenu imekauka.

Mimi ni Paulina, mzaliwa wa Kasansa, mtoto wa wakulima wa mpunga. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kupika sabuni zenye majina ya watu wengine. Mnajua wenyewe kwamba kiwanda chetu hapa Mpanda hakijawahi kuwa na sabuni yake. Mtu anakuja na jina, pengine na rangi anayoipenda. Sisi tunambunia sabuni, tunaipika, tunaikata, tunaigonga muhuri wake, naye anaondoka nayo. Dukani hakuna anayetujua. Niliwahi kusimama sokoni Kashaulili nikawasikia wanawake wawili wakigombana, mmoja anaapa kwa sabuni ya bluu, mwingine anaitetea nyeupe, karibu wavuane vilemba. Zote mbili nilizitoa pipa moja Jumanne ile ile. Tofauti yake ilikuwa kijiko kimoja cha rangi. Nikanunua nyanya zangu nikaenda.

Usiri huo ulikuwa sharti la kazi, na niliuzoea. Dada yangu alinisifia sabuni fulani miaka sita mfululizo, akinishauri niache kutumia "hizo takataka za kiwandani kwenu." Niliitikia kwa kichwa kila mara.

Siku yangu ya kwanza nilitegemea kuulizwa vyeti. Mzee Yasini, mpishi mkuu, mtu wa Kigoma mwenye mikono iliyojaa makovu madogo meupe, hakuvitazama kabisa. Aliniuliza, "Unavuta sigara?"

"Hapana, mzee."

"Pilipili je?"

"Kidogo, kwenye maharage."

"Utaacha. Haya, toa ulimi."

Nikatoa. Aliukagua kwa makini kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, akasema unafaa, akanipa aproni na mabuti makubwa kuliko miguu yangu. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Leo mna karatasi za kupimia na mashine yenye taa, nami nafurahi. Wakati wetu kipimo kilikuwa ulimi wa mpishi. Mawese yalikuja kutoka Karema, mekundu, tukayachemsha mpaka wekundu ukatike. Kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, tuliiyeyusha pembeni kwenye maji, dirisha wazi, uso umegeuzwa, kwa sababu mvuke wake hauna huruma na macho. Tukavichanganya pipani, tukakoroga kwa mwiko mrefu wa mninga mpaka mwiko ukiuinua unaacha alama juu ya uji ule. Tukamimina kwenye masanduku ya mbao. Sabuni ikishaganda, kabla haijagongwa muhuri, mpishi mkuu anakata kipande, anakilowanisha, anakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Iliyoiva vizuri unasikia ladha ya sabuni tu, na hiyo nayo si halua. Iliyozidi kostiki inakupiga kama ulivyolamba betri ya redio utotoni. Unatema, unasukutua, unajua.

Mzee Yasini alinifundisha jambo lingine ambalo naomba mlishike, maana litarudi mbele. Sabuni iliyozidi ukali kidogo haitupwi. "Hii si mbaya," alisema, akiweka miche ya sabuni juu ya kichanja cha mbao kule nyuma. "Hii haijatulia tu. Iachie nafasi hewa ipite, mvua zipite, utakuja kukuta imepoa yenyewe. Watu wanafukia mali yao ardhini kwa kutojua kusubiri." Kichanja kile kilikuwa na miche ya miezi minne, miezi sita. Nilionja mmoja niliokuwa nimeuonja ukiwa mkali, na kweli ulikuwa umelainika kabisa.

Nilikoroga, nikakata kwa waya, nikapiga mihuri mpaka kiganja kikaota sugu. Baada ya miaka kadhaa mzee akaanza kuniachia kazi ya kubuni. Hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda. Mteja anasema neno moja, kwa mfano "nataka inayonukia," nawe unakaa wiki nzima ukijiuliza inukie nini, maana anachokiita harufu nzuri mtu wa Inyonga si anachokiita mtu wa Kasansa.

Siku moja akaja mwanamke wa Kisukuma, mrefu, kanga mbili, anafunga duka Inyonga kuja kwetu na kulifungua akirudi. Wazazi wake walihamia na ng'ombe zamani. Hakuleta rangi wala harufu. Alileta dumu la lita tano, akaliweka mezani kwa meneja.

"Haya ni maji ya kisima changu," alisema. "Nimekichimba kwenye kiwanja changu, mtaa mzima wanachota. Lakini sabuni zenu zote humu hazitoi povu. Zinaganda kama jibini. Nataka sabuni itakayotoa povu humu ndani."

"Na jina?" meneja akauliza, kalamu mkononi.

"Limi. Ni mwanangu wa kwanza, yuko darasa la tano."

Ndivyo tulivyomfahamu Mama Limi. Mzee Yasini akanisogezea lile dumu. "Hii kazi ni ya kwako, mwanangu. Nyie wa Mpimbwe mmekulia kwenye maji ya namna hii."

Alikuwa sahihi. Kwetu Kasansa, huko Mpimbwe, mama alifua kwa maji ambayo yanaikataa sabuni, mpaka mashati meupe yakawa ya kijivu kabla ya kuchakaa. Nilipokea dumu lile nikiwa na hasira ya zamani. Nilijaribu mara kumi na moja. Miche ya majaribio niliipanga dirishani, kila mmoja na namba yake, na kila mmoja niliufulia soksi za mume wangu kwenye maji ya Mama Limi. Mwisho nilipunguza mawese, nikaongeza mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa ya chikichi, na povu likaja. Lilikuja zito, likakaa. Nilicheka peke yangu pale karoni.

Nasema bila aibu kwamba sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko sabuni ile. Mama Limi alipoijaribu hapo hapo uani alinishika mkono wenye povu akasema, "Mayu, umeniheshimisha." Kwa Kisukuma mayu ni mama, na ananipita umri. Sabuni ya Limi ilikwenda Inyonga na kuuzika, ikafika mpaka vijiji vya wafuga nyuki na wakulima wa tumbaku. Watu walijua sabuni ya Limi na mama yake. Mimi walinijua kwa jina la mteja anayenunua nyanya.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mzee Yasini alipata msiba Kigoma. Aliniita, akanikabidhi ufunguo wa stoo ya kostiki na kazi ya kuonja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mwingine kuonja peke yake kiwandani pale. Nilitembea na ule ufunguo shingoni kama msalaba.

Siku ya nne ya ukubwa wangu nilichelewa kuamka. Nilichukua kiazi kitamu cha kuchemsha sufuriani, nikakimenya njiani, nikakiuma. Kwa nje kilikuwa vuguvugu. Kwa ndani kilikuwa moto wa kuotea mbali, na kikagandia ulimini. Wenye viazi wanajua. Nilikitema barabarani mbele ya watu wanaonisalimia, lakini ncha ya ulimi ilikuwa imeshababuka. Nilipofika kazini nililamba chumvi kwa siri. Nilisikia chenga zake tu, ladha sikuisikia.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya sabuni ya Limi, nayo ilipikwa kwa kostiki ya gunia jipya. Hapa wapishi mtanielewa haraka. Gunia la zamani lilikuwa limekaa wazi masika yote, limenyonya unyevu, limepoteza nguvu, nasi tulikuwa tumezoea kulizidishia kidogo. Gunia jipya lilikuwa kavu na kali, na tukapima kwa mazoea yale yale. Ulimi mzima ungelikamata kosa hilo mara moja.

Nilikata kipande. Nikakilowanisha, nikakigusisha. Vijana wa muhuri walikuwa wamesimama wananisubiri, na gari la Inyonga lilikuwa getini. Nilipaswa kusema, "Leo sina ulimi, sabuni ikae." Maneno matano. Lakini mtu aliyekabidhiwa ufunguo kwa siku nne anaona aibu kusema kiazi kimemshinda. Nikatema, nikasukutua, nikasema, "Imetulia. Gongeni."

Baada ya wiki mbili Mama Limi alirudi. Safari hii hakuwa na dumu. Alinyoosha mikono yake juu ya meza ya meneja, viganja juu. Vilikuwa vyekundu, vimechubuka katikati ya vidole, ngozi inatoka.

"Limi naye yuko hivi," alisema. "Alifua sare zake. Na majirani. Na wateja wanarudisha, wanaiweka mlangoni bila salamu."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga, ambalo ni jambo jingine. Alisema sabuni ikishatoka getini ina jina la mwenyewe. Halafu akanigeukia. "Paulina, uliionja?"

"Niliionja."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa imetulia."

Mama Limi alinitazama. Hakunitazama kwa shaka, na ndiyo maana siwezi kuusahau uso ule. Alinitazama kama mtu anayemwamini daktari wake. Akavuta mikono yake taratibu, akaificha kwenye kanga.

"Basi ni maji yangu," alisema. "Kile kisima. Tangu mwanzo maji yale yalikuwa na lake jambo."

"Inawezekana," meneja akadaka upesi. "Maji ya visima hubadilika."

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, ulimi umeshapona, unafanya kazi vizuri kabisa, na sikuutumia.

Mzee Yasini aliporudi alisimuliwa na vijana wa muhuri. Alikwenda kichanjani, akachukua mche uliosalia wa pishi lile, akaonja, akatema mbali. Akaja akakaa kwenye ndoo mbele yangu.

"Siku ile ulikula nini?"

"Kiazi, mzee. Cha moto."

Nilitamani anigombeze. "Kosa la kiazi si kosa," akasema. "Hata mimi niliwahi kunywa chai ya moto. Nilisema, tukalala siku mbili bila kugonga muhuri. Mwambie yule mama. Mwambie na sabuni asitupe, ikae."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Kwanza niliogopa kupoteza kazi. Baadaye niliogopa kwamba nimechelewa, na woga huo ni mbaya zaidi kwa sababu kila siku unaongezeka. Mama Limi hakuagiza tena. Nilisikia kwa madereva kwamba duka lake sasa linauza asali na mahindi. Mzee Yasini alistaafu akarudi kwao, na kila alipopiga simu, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliuliza, "Ulishamwambia?" Nikajibu, "Bado, mzee." Hakuwahi kunikaripia. Aliuliza mpaka mwaka aliofariki, kisha simu haikuuliza tena, na ukimya wake ukanisumbua kuliko swali.

Katika miaka iliyofuata nilipika sabuni nyingi na nikawafundisha baadhi yenu. Mliona kwamba kila asubuhi kabla ya pishi nilikuwa namuuliza kila mtu ameamkaje na amekula nini, na mkanitania kwamba mama huyu mmbea. Sasa mnajua nilikuwa natafuta nini.

Mwezi uliofuata ile keki nilipanda basi kwenda Inyonga. Nilikuwa na mfuko wa mchele wa Kasansa na maneno niliyoyapanga njia nzima, ambayo yote yalianguka nilipoona kibao cha duka kimefutwa jina. Mama Limi alikuwa uani anapepeta mahindi. Amenenepa kidogo, mvi zimemjaa, lakini urefu ni ule ule. Alinitambua kabla sijapiga hodi ya pili.

"Mayu wa povu!" alisema. "Karibu, karibu ndani. Limi hayupo, ni nesi Sumbawanga siku hizi, ana watoto wawili."

"Shikamoo, dada. Sitaingia ndani kwanza. Nina neno, nataka nilisemee hapa hapa."

Nikalisema. Kiazi, chumvi, gunia jipya, gari la getini, yale majibu mawili niliyompa meneja. Nilisema kwamba sabuni ilikuwa kali na niliigonga muhuri nikiwa sijui, kisha nikaja kujua, nikanyamaza. Nililia, sitaficha. Yeye aliendelea kupepeta, taratibu zaidi na zaidi, mpaka ungo ukasimama.

Aliinuka akaingia ndani. Nikadhani anafunga mlango, na nilikuwa tayari kwa hilo. Alitoka na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Akakifungua. Ulikuwa mche wa sabuni, umekauka na kupungua, rangi imeiva kama ya siagi, muhuri bado unasomeka: LIMI.

"Onja," alisema.

Nililowanisha kidole kwenye ndoo, nikausugua mche, nikagusisha ulimini. Niliusikia ulimi wangu wote ukiwa macho. Sabuni ilikuwa laini kuliko yoyote niliyowahi kuonja.

"Ilipoa yenyewe," Mama Limi akasema. "Walirudisha katoni kumi na saba. Nilizirundika stoo nikingoja nguvu za kuzifukia. Masika yakaisha, nikasema nijaribu kipande kwa maji ya bomba la kwa padri. Haikuniwasha. Nimefulia miaka yote hii. Huu ndio wa mwisho." Akanitazama. "Nyie kule kiwandani mlikuwa mnajua kwamba inapoa?"

Hilo ndilo swali ambalo sikulipanga kwenye basi. Nilikwenda kuungama kosa moja, na pale uani nikaona kwamba yalikuwa mawili, na la pili ndilo kubwa. Kumbabua mikono ilikuwa bahati mbaya ya asubuhi moja. Lakini neno dogo, "isubiri miezi sita," nililijua. Lingeokoa katoni zake, duka lake na jina la mwanawe, nami nililifungia mdomoni.

"Tulijua," nikasema. "Mimi nilijua."

Alitikisa kichwa mara nyingi, polepole. Sikuomba msamaha tena, maana ungekuwa kumtwisha kazi nyingine. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo karibu nisiisikie, "Na maji?"

"Maji gani, dada?"

"Maji yangu. Ya kisima."

"Maji yako hayakuwa na kosa lolote. Hata siku moja."

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mbao na mawe makubwa, majani yameota katikati. Alikifunga wiki ile ile aliyotoka Mpanda. Aliogopa kuwaunguza watoto wa watu. Mtaa mzima ulirudi kuchota mbali, kiangazi baada ya kiangazi, na walimsifu kwa uangalifu wake.

Tulisukuma mawe wote wawili, wanawake wazima tunaohema. Tukaondoa mbao. Maji yalikuwepo, chini, meusi, yametulia. Akaleta ndoo na kamba, akachota, akamwaga ile ya kwanza yenye takataka, na ya pili, na ya tatu. Ya nne akaiweka chini mbele yangu. Nikachovya mikono, nikauzungusha mche wa mwisho wa Limi katikati ya viganja.

Povu likaja, zito, likakaa. Nikamwekea mikononi mwake. Alilitazama bila kulisuuza, halafu akageukia uzio wa jirani na kuita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Mama Joni! Mama Joni, njoo na ndoo!"